Mtoto wa mwaka mmoja hatambai, anasota kwa makalio: nimpe rufaa au tusubiri?

Mhudumu_Chamwino

Mbukwenyi wadau. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, upande wa Chamwino, Dodoma. Kuna kaya natakiwa kuirudia Alhamisi na ningependa niende na majibu. Mama ameridhia niulize, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtoto.

Wa kiume, miezi 12 na siku 10. Alizaliwa wiki ya 35 na kilo 2.1, alichelewa kidogo kulia, akalazwa wodi ya watoto wachanga siku 4. Sasa ana kilo 8.4, mzingo wa mkono sm 13.6. Chanjo ziko sawa hadi surua-rubella ya kwanza. Meno mawili ya chini.

Anakaa vizuri bila kuegemea. Hatambai kwa magoti, anasota kwa makalio huku mkono wa kulia ukisukuma chini, na ana mbio kweli. Ukimsimamisha penye kigoda anashika na kusimama muda mfupi, ila hajivuti mwenyewe kusimama. Anasema "baba" na "tata", ukimwambia "lete" anakupa. Chakula anaokota kwa mkono wa kulia, bibi anafurahi kwamba hatakuwa na mashoto.

Bibi anasema mtoto kabemendwa, yaani ameharibika kwa sababu ya mwenendo wa wazazi, anataka akaogeshwe dawa. Baba amenunua woka (kigari cha magurudumu cha kumzoesha mtoto kutembea) mnadani. Mama anamtazama mtoto wa jirani wa miezi 10 anayetembea, roho inamuuma.

Je, amechelewa? Woka iendelee? Na bibi nimjibu vipi bila kuvunja nyumba?

---

Nesi_Kliniki_ya_Mtoto

Anza na umri. Wiki 40 za mimba kamili utoe 35, zinabaki 5. Huyu unampima kama mtoto wa miezi 11 na siku chache. Hesabu hiyo tunaitumia mpaka afikishe miaka 2. Kwenye chanjo haitumiki kabisa, chanjo inafuata tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye kadi, na hapo wengi huchanganya.

Uzito usikutishe. Mtoto wa mwaka huwa amefikia mara 3 ya uzito aliozaliwa nao, na huyu amefikia mara 4. Kwa mvulana wa miezi 11 mstari wa katikati wa WHO (Shirika la Afya Duniani) uko karibu kilo 9.4 na wa tahadhari uko 7.6, kwa hiyo 8.4 yuko salama. Mzingo wa mkono nao uko kwenye kijani: njano ni kuanzia sm 11.5 hadi kabla ya 12.5, chini ya 11.5 ni nyekundu.

Kuhusu kutembea, WHO walichapisha mwaka 2006 utafiti wa watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kutembea peke yao kulianza popote kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Kusimama bila kushika kitu, kati ya 7 na karibu 17. Kutembea kwa kushikilia, kati ya 6 na karibu 14. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa magoti hata siku moja, walipitia njia nyingine. Kwa hiyo mtoto wa jirani na huyu wako wote wamo ndani ya dirisha, mmoja mlangoni na mwingine katikati. Wanaosota kwa makalio kwa kawaida huchelewa kutembea, na mara nyingi ukiuliza utaambiwa baba yake au shangazi yake naye alisota. Kama miezi 18 itafika hajatembea, huyo anapelekwa akachunguzwe.

Maneno yako sawa. Kama bibi anamsemesha Kigogo na mama Kiswahili, hesabu maneno ya lugha zote mbili pamoja. Ila hujasema kama ananyoosha kidole kuonyesha kitu anachotaka wewe nawe ukione, au kama anapunga mkono akiagwa. Kwangu mimi hayo yana uzito kuliko hatua mbili za miguu.

Meno mawili yanatosha. Akitokea mtu wa kutaja "meno ya plastiki", asimguse ufizi. Kile cheupe ni jino la kawaida linalojiandaa kutoka, na kulichimbua kunaleta maambukizi na kuharibu hata la ukubwani. Mwezi huu hakikisha amepata vitamini A ya miezi 12 na dawa ya minyoo, kwa umri huu ni nusu ya kidonge cha albendazole cha miligramu 400, kisagwe.

---

Fizio_wa_Watoto

Nesi kamaliza habari ya miguu. Mimi narudi kwenye mkono.

Umeandika mambo mawili kama ya kupitia: anajisukuma kwa mkono wa kulia, na anaokota kwa mkono wa kulia. Yaweke karibu na wiki 35 na kule kuchelewa kulia. Mtoto wa umri huu hana mkono anaoupenda, anatumia ule ulio karibu na kitu. Akianza kuchagua kabla ya mwaka, mimi huwa nauacha mkono unaofanya kazi na kuutazama ule usiofanya. Bibi afurahie akifika miaka mitatu.

Inawezekana umemwona siku moja tu na ikawa bahati. Ndiyo maana tunapima. Nenda akiwa ameamka na kunyonya. Mvue sweta, asubuhi za upepo watoto wa huku wanavishwa nguo tatu na mikono haikunjiki. Akae katikati ya mapaja ya mama akitazama mbele, asiegemee ubavu mmoja, maana mkono uliobanwa kwenye kifua cha mama utaonekana mgonjwa wakati ni mzima.

Kwanza, vijiko viwili vya plastiki vinavyofanana. Kimoja kiweke katikati ya kifua chake, umbali anaoufikia. Kisha kulia, usawa wa bega. Kisha kushoto. Mara 5 kila upande, na uandike namba, usitegemee kumbukumbu. Akivusha mkono wa kulia mbele ya kifua kwenda kuchukua cha kushoto, hiyo iandike peke yake. Akiwa ameshika kimoja, mpe cha pili: wa umri huu anakipokea kwa mkono ulio wazi na mara nyingi anavigonganisha.

Pili, mama aufunike mkono wa kulia kwa kiganja chake, polepole, sekunde 20 hivi, wewe utoe kijiko kushoto. Angalia vidole kabla havijagusa kijiko. Vinafunguka njiani au vinafika vikiwa ngumi? Dole gumba liko nje au limejificha ndani ya kiganja?

Tatu, chembe za wali uliopoa juu ya sahani, mkono mmoja mmoja. Anatakiwa aokote kwa ncha ya dole gumba na ya kidole cha shahada. Akizikusanya kwa vidole vyote kama anayekumba mchanga, huo ni ushikaji wa miezi 6 au 7. Usitumie karanga wala shanga.

Nne, kujikinga. Mshike chini ya mbavu kwa mikono miwili, uso ukielekea godoro, umshushe kichwa kikitangulia, haraka kiasi lakini bila kumtupa. Kuanzia miezi 9 hivi mikono yote inachomoka mbele, viganja wazi. Ukichomoka mmoja na mwingine ukabaki umejikunja, umepata jibu.

Tano, miguu. Goti likiwa limenyooka, kunja unyayo kuelekea juu taratibu, kisha urudie kwa haraka. Linganisha kulia na kushoto. Akisimama penye kigoda, tazama kama visigino vyote viwili vinagusa chini.

Mkono ulionyong'onyea tangu kuzaliwa unaweza kuwa na neva za bega zilizovutika wakati wa kujifungua. Mkono unaokaza na kufunga ngumi unatupeleka kwenye ubongo. Kutofautisha ni kazi ya daktari, na kwa mama usitamke jina la ugonjwa wowote. Andika ulichokiona.

---

Tiba_kwa_Vitendo_Dom

Woka itoke. Mtoto ananing'inia kwa mapaja, anasukuma kwa ncha za vidole, misuli ya nyuma ya miguu inazoea kukaza, na meza ile ya mbele inamzuia kuona nyayo zake. Hajifunzi kuanguka, wakati kuanguka ni nusu ya kutembea. Kisha ina magurudumu, kwa hiyo jiko la mkaa lililokuwa mbali linafikiwa kwa sekunde mbili. Kanada walipiga marufuku kuziuza tangu 2004. Kwa mtoto ambaye kisigino chake kikionekana kina mashaka, ni kumwongezea tatizo.

Badala yake, kitu kisichoyumba chenye kimo kati ya kitovu na kifua chake, sm 35 hadi 45. Mweke apige magoti mbele yake, kijiko kiwe juu. Mshike nyonga, usimshike mikono. Mguu mmoja ukunjwe unyayo ukanyage chini, msubiri asukume mwenyewe. Kesho mwanze na mguu mwingine. Dakika 5, mara 4 au 5 kwa siku, akichoka basi. Kosa kubwa la wazazi ni kumvuta kwa mikono kwenda juu: miguu haifanyi kazi na bega linaumia.

Atakapokuwa anatembea akishikilia kuta, kreti tupu la soda lenye kilo 4 au 5 za mchanga ndani ya mfuko uliofungwa linamfaa kusukuma kwenye sakafu ya saruji. Bila mchanga linakimbia, mtoto anapiga uso. Kwenye udongo linakwama, usijisumbue.

Ndani atembee pekupeku. Nje kwetu huku mbigili haziulizi umri, avae kiatu chenye soli inayokunjika kwa vidole vyako viwili. Vile vya kulia pwii pwii ni vya picha.

Mbeleko haina ubaya, tena miguu ikitanuka inafaa kwa nyonga. Ila WHO mwaka 2019 walishauri mtoto asifungwe sehemu moja zaidi ya saa 1 mfululizo, na mgongoni wamepataja.

---

Lishe_Kanda_ya_Kati

Kwa bibi usianze na "hakuna kitu kama hicho". Ukisema hivyo amefunga masikio, na yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

Wanaposema kubemenda wanaamini wazazi wamekutana kimwili wakati mtoto ananyonya, au mmoja ametoka nje, ndipo mtoto akaharibika. Walichokiona wazee kilikuwa cha kweli: mama anashika mimba mapema, mtoto anaachishwa ziwa ghafla, anabaki na uji mwepesi, anaharisha, anakonda, miguu inaisha nguvu. Sababu ilikuwa chakula na maradhi. Basi tumia kipimo chao wenyewe. Aliyebemendwa anadhoofu, anarudi nyuma. Mfungulie bibi kadi, fuata mstari wa uzito kwa kidole tangu kilo 2.1 hadi 8.4, umuulize: huyu amerudi nyuma wapi? Huwa wanacheka. Wakishikilia kuogesha, sharti liwe mawili: dawa isiingie mdomoni, na siku ya hospitali isisogezwe.

Mama aendelee kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, hata mimba ikiingia si lazima aache ghafla.

Chakula: milo 3 hadi 4 na vitafunwa 1 au 2, kila mlo robo tatu ya kikombe cha mililita 250 kwenda juu. Uji wa uwele au mtama uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Ukidondoka kama maji, tumbo limejaa na nguvu hakuna. Aliyezaliwa kabla ya wakati alitoka na akiba ndogo ya madini chuma, kwa hiyo waulize wampime damu siku hiyohiyo. Upungufu wa damu nao unamfanya mtoto mvivu wa kusimama. Nyumbani: ini lililosagwa, dagaa wa kusaga, yai, na maji ya ubuyu pamoja na chakula, kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini. Chai inafanya kinyume chake, na watoto wengi wa huku wanapewa chai asubuhi.

Mlenda wenye karanga ni mzuri, karanga ziwe zimesagwa laini. Nzima zinaziba koo. Zabibu vilevile: zikatwe kwa urefu vipande 4, mbegu zitoke. Watu wanaona tunda laini wanasahau kwamba punje ile inakaa kooni kama kizibo.

Na unga wa lishe wa kuchanganya nafaka 7 au 8 siupendi. Ukiwa na karanga na mahindi yaliyopata unyevu, sumukuvu inajificha humo na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mahindi au uwele, karanga zilizochambuliwa kwa mkono, zisagwe kidogo za wiki moja au mbili. Inatosha.

---

Mhudumu_Chamwino

Nashukuru sana. Nimerudi kutoka kule, nimefuata mlivyosema, mtoto alikuwa ameamka na hana sweta.

Kijiko katikati: mkono wa kulia mara 5 kati ya 5. Upande wa kulia: 5 kati ya 5. Upande wa kushoto: mkono wa kushoto mara 1, mara 4 alivusha wa kulia. Cha pili hakukipokea, alidondosha cha kwanza akachukua kwa mkono uleule.

Mkono wa kulia ulipofunikwa alilia, kisha akakipiga kijiko kwa ngumi ya kushoto. Dole gumba ndani. Mama akasema ngumi hiyo huwa ngumu kuifungua akimwogesha, alidhani ni ukali wa mtoto.

Wali: kulia anaokota kwa ncha za vidole viwili, safi. Kushoto anakumba. Kujikinga: kulia ulichomoka, kushoto ulibaki umejikunja, nilirudia mara 3. Unyayo wa kushoto ukiukunja kwa haraka unagoma, na akisimama kisigino hicho hakifiki chini.

Nesi, kidole ananyoosha vizuri sana, alinionyesha kuku huku akinitazama usoni. Kupunga anapunga. Nilificha kijiko chini ya kanga, akaifunua mara moja.

Bibi amekubali, ila kaniuliza kwa nini nampeleka mtoto kwa ajili ya mkono wakati shida ni kutembea. Woka imeng'olewa magurudumu.

---

Fizio_wa_Watoto

Umepima vizuri kuliko fomu nyingi zinazotufikia. Rufaa, na iwe wiki hii. Usisubiri miezi 18, ile ni kwa mtoto ambaye pande zote mbili zinalingana.

Bibi mwambie kwamba mkono na mguu wa upande mmoja vinaongozwa na sehemu moja ya ubongo, na mkono umetangulia kutoa habari ya mguu. Ndiyo sababu hajivuti kusimama: kujivuta kunataka mikono miwili. Mwambie pia kwamba katika kuelewa mambo yuko vizuri, kidole kile na kile kijiko chini ya kanga vimeonyesha.

Kwenye fomu usiandike "amechelewa kutembea". Kwa umri huu atarudishwa na maneno "subirini", na kwa haki. Andika: "Hatumii mkono wa kushoto, dole gumba ndani ya kiganja, hajikingi kwa mkono wa kushoto, kifundo cha mguu wa kushoto kinakaza, alizaliwa wiki ya 35, alichelewa kulia." Ongeza namba zako za vijiko. Pima mzingo wa kichwa, utepe upite juu kidogo ya nyusi na kwenye mwinuko wa kisogo, mara 3, uandike ulio mkubwa. Kwa mvulana wa miezi 11 katikati ni karibu sm 46.

Kutoka hospitali ya wilaya wataenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Waombe daktari wa watoto na kitengo cha utengamao (tiba ya mazoezi) kwa pamoja. Mazoezi hayangoji jina la ugonjwa wala picha ya kichwa. Ubongo wa umri huu bado unapanga njia zake, na kila mwezi ambao mkono wa kushoto hautumiki, mtoto anazidi kuwa hodari wa kuishi bila huo mkono.

Kwa sasa nyumbani: kila kitu kitoke upande wa kushoto. Kijiko, kikombe, hata mama akae kushoto kwake. Vitu vinavyotaka mikono miwili: mpira mkubwa wa matambara, sufuria ndogo na mfuniko, gazeti la kuchana. Ngumi isifunguliwe kwa kuvuta vidole. Kunja kifundo cha mkono kidogo kwenda ndani, vidole vitalegea vyenyewe, kisha toa dole gumba kuanzia shinani. Mkono wa kulia usifungwe wala kuvishwa soksi mpaka mtaalamu aseme kwa muda gani. Mazoezi ya kigoda yaendelee, ila mguu wa kushoto ukikanyaga, mama aweke kiganja juu ya goti la mtoto kusukuma kisigino chini.

Kinachofanya msisubiri hata kesho: degedege, kujikunja ghafla kama anayeshtuka mara nyingi mfululizo hasa akiamka, kutapika huku kichwa kikikua haraka, au kupoteza kitu alichokuwa anakiweza.

---

Nesi_Kliniki_ya_Mtoto

Naongeza moja. Mama amrekodi kwa simu sekunde 30 akisota na sekunde 30 akila, kwa mwanga wa nje. Hospitalini atakuwa amelala au analia, na daktari hataona chochote. Wabebe pia kile kijiko anachokijua.